Echingi Inayodaiwa Kuwa ya Rembrandt: Mwongozo Kamili wa Kuipima

Ukikabidhiwa karatasi kuukuu yenye mzee wa ndevu aliyechorwa kwa vistari vyembamba, na pembeni pameandikwa Rembrandt, una maswali mawili mkononi. La kwanza: karatasi hii ilichapwa kutoka bamba gani, na lini? La pili: bamba hilo alilichora nani? La kwanza linahusu karatasi yako peke yake. La pili linagusa kila nakala iliyowahi kutoka kwenye bamba hilo, hata zile zilizofungiwa kabatini Rijksmuseum, makumbusho ya Amsterdam. Mabishano mengi juu ya echingi za mabingwa wa kale, yaani picha zilizochapwa kutoka bamba la shaba lililochimbwa kwa tindikali, huenda mrama hapo: mmoja anabishia karatasi, mwenzake anabishia bamba, na wote wawili wanadhani wanazungumzia jambo lile lile. Hapa tutayajibu kwa zamu, karatasi kwanza, mkono wa msanii baadaye. Najua jina ndilo linalomvuta kila mtu, ila likishughulikiwa mapema linapotosha macho.

Nimemchagua msanii wa Kiholanzi Rembrandt van Rijn (1606–1669) kwa sababu orodha ya echingi zake imepanuka na kusinyaa mara nyingi mno. Orodha ya kwanza ya kina, ya mfanyabiashara Edme-François Gersaint, ilitoka Paris mwaka 1751. Adam Bartsch wa Vienna akaja mwaka 1797 na kuhesabu 375, na namba zake ndizo zinazotumika mpaka leo, ukikuta B.74 au B.159, hiyo B ni Bartsch. Mwaka 1877 daktari mpasuaji wa London, Francis Seymour Haden, ambaye mwenyewe alikuwa mchora echingi hodari na shemeji yake mchoraji Whistler, alishiriki kupanga maonyesho ya Burlington Fine Arts Club kwa kufuata miaka badala ya mada. Kazi zilipokaa kwa mpangilio wa umri, baadhi zikaonekana wageni kabisa katikati ya ndugu zao. Haden akasema wazi kuwa kwenye kazi kubwa za miaka ya 1630 kuna mikono ya wanafunzi. Tangu hapo hesabu iliporomoka, ikafika chini ya 300. Katalogi kubwa ya sasa, New Hollstein ya Erik Hinterding na Jaco Rutgers iliyotoka 2013, imefika 314. Kwa hiyo mtu akikwambia "wataalamu walishaamua", muulize: wa mwaka gani?

Kabla ya kushika lenzi, elewa kazi yenyewe inavyofanyika, maana kila ushahidi utakaoutafuta unatoka hapo. Bamba la shaba hupakwa tabaka la nta iliyochanganywa na utomvu na lami. Msanii hukwaruza tabaka hilo kwa sindano, shaba ikaonekana, kisha bamba hutiwa tindikali ikala zile sehemu zilizo wazi. Tabaka likishafutwa, wino hupakwa bamba zima na kupanguswa juu, ukabaki ndani ya vifereji. Karatasi iliyoloweshwa hulazwa juu yake na vyote viwili hupitishwa kwenye mashine ya roli kwa mgandamizo mkubwa. Picha hutoka imegeuka, kushoto kuwa kulia. Bamba linaweza kuguswa tena, mistari ikaongezwa au kufutwa, na kila badiliko linaloonekana kwenye chapa huhesabiwa kuwa awamu mpya: awamu ya kwanza, ya pili, na kuendelea. Rembrandt alipenda pia kuchora kwa sindano kavu, yaani kukwaruza shaba moja kwa moja bila tindikali. Shaba iliyochimbuliwa hubaki imetuna kando ya mfereji, inashika wino na kutoa weusi laini kama mahameli. Mtuno huo hulazwa na mashine haraka sana. Baada ya nakala chache tu unaanza kuisha. Kumbuka hilo, tutalirudia.

Hatua ya kwanza: itoe kwenye fremu, usiiguse zaidi

Echingi haipimwi ikiwa nyuma ya kioo. Itoe kwa mikono mikavu, iweke juu ya karatasi nyeupe safi. Kama imegundishwa kwenye kadibodi, iache hivyo hivyo; usiing'oe, usiilowanishe, usijaribu kufuta madoa ya kahawia. Kazi hiyo ni ya mhifadhi wa karatasi, na mtu asiye fundi anaweza kufuta kwa dakika moja ule ushahidi ambao ungemaliza ubishi.

Vifaa ni vichache: lenzi ya mkono inayokuza mara 10, rula ya milimita, tochi ndogo, dirisha lenye mwanga, na simu yenye kamera nzuri. Piga picha ya mbele, ya nyuma, na ya kila kona kabla ya kuanza chochote.

Hatua ya pili: je, imetoka kwenye bamba la chuma kweli?

Shika tochi ubavuni mwa karatasi, mwanga ukitambaa juu yake. Mambo mawili yanatafutwa. Kwanza ni mfinyo wa bamba, ule ukingo wa mstatili uliobonyea kuizunguka picha. Usipouona usikate tamaa, kwa sababu wakusanyaji wa zamani walikuwa na mazoea ya kukata karatasi mpaka kwenye ukingo wa bamba, wakati mwingine hata ndani yake. Pili ni wino wenyewe: kwenye echingi mistari hutuna juu ya karatasi, maana karatasi ilisukumwa ndani ya vifereji ikatoka na wino. Chapa ya jiwe (lithografia) huacha wino umelala bapa. Chapa ya kisasa ya ofseti ukiitazama kwa lenzi inasambaratika kuwa nukta nukta, na ukiziona hizo umemaliza kazi, unaweza kuirudisha ukutani.

Ugumu unaanza na kazi za mtu kama Charles Amand-Durand wa Paris, katika karne ya 19. Huyu alitumia picha za kamera kuhamishia echingi za mabingwa kwenye mabamba mapya ya shaba. Chapa zake zina mfinyo, zina wino uliotuna, na mistari yake inafuata ya asili kwa uaminifu wa kutisha. Alikuwa akizipiga muhuri mdogo mwekundu wenye herufi za jina lake nyuma ya karatasi, na hakukusudia kumdanganya mtu. Waliokuja baada yake ndio waliokwangua muhuri au kuufunika kwa gundi. Kwa hiyo geuza karatasi na uangalie kwa mwanga wa ubavuni kama kuna mahali palipokwanguliwa, pakawa pembamba kuliko kwingine. Mbele, tazama zile sehemu ambazo asili ilichorwa kwa sindano kavu: kamera hunasa weusi wake, lakini bamba jipya haliwezi kuutoa ule ulaini, na badala yake unapata kijivu kilichofubaa.

Hatua ya tatu: karatasi

Inua karatasi dirishani. Karatasi ya Ulaya ya karne ya 17 ilitengenezwa kwa wavu wa nyaya, na nyaya hizo zimeacha kivuli chake: mistari mingi iliyobanana, ikikatwa na mistari michache iliyoachana kwa sentimita 2 hadi 3. Karatasi isiyo na mistari hiyo, iliyo sawasawa yote, ilianza kutengenezwa Uingereza na James Whatman miaka ya 1750. Ukiwa na karatasi ya aina hiyo ya Kizungu, basi haikuchapwa Rembrandt akiwa hai, na hakuna hoja ya mtindo itakayolibadilisha hilo.

Kisha tafuta alama ya maji, kama unavyofanya kwa noti unayoitilia shaka. Kwenye echingi za Rembrandt zinazojulikana sana ni kichwa cha mchekeshaji wa kifalme mwenye kofia ya njuga na kola yenye ncha, ngao ya mji wa Amsterdam, na ua la yungiyungi la Strasbourg. Kutaja "ina kichwa cha mchekeshaji" hakutoshi hata kidogo, kwa sababu watengenezaji wengi walitumia alama hiyo kwa miongo mingi. Kinachohesabika ni umbo halisi: ncha za kola ni tano au saba, pua inaelekea wapi, alama imekaa umbali gani kutoka kwenye mistari mikubwa. Hinterding alikusanya alama hizi kwenye utafiti wake wa 2006, na Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, kimejenga mfumo unaokuongoza kwa maswali ya ndiyo na hapana mpaka ufike kwenye alama inayofanana na yako. Karatasi mbili zenye alama inayolingana nukta kwa nukta zilitoka kwenye wavu mmoja, na wavu ulidumu muda mfupi. Hapo ndipo tarehe inapopatikana.

Mitego mitatu ya karatasi. Echingi ndogo ilichapwa kwenye kipande cha karatasi kubwa, kwa hiyo kukosa alama ya maji si dosari. Huenda alama ilibaki kwenye kipande cha jirani. Pili, mtu wa karne ya 18 au 19 angeweza kuchomoa karatasi tupu kutoka kwenye kitabu cha kale na kuchapia humo. Karatasi ya kale inakwambia chapa haikutangulia wakati fulani. Haikuhakikishii kwamba haikuchelewa. Tatu ni karatasi ya Kijapani. Kuanzia mwaka 1647 hivi Rembrandt alichapa baadhi ya nakala kwenye karatasi ya Japani, ya rangi ya manjano hafifu na yenye kung'aa kidogo, iliyoletwa na meli za kampuni ya Waholanzi ya Mashariki. Wauzaji hupenda kuitaja. Wasichotaja ni kwamba wachapaji wa karne ya 19 nao waliipenda karatasi hiyo.

Hatua ya nne: bamba lipi?

Hii ndiyo hatua ninayoiamini kuliko zote, na haihitaji cheti cha mtu. Rijksmuseum inaruhusu mtu yeyote kupakua picha za ubora wa juu za nakala zake, na British Museum nayo imeweka mkusanyo wake mtandaoni. Tafuta namba ya Bartsch ya mchoro wako, pakua nakala mbili tatu za awamu tofauti, na uziweke kwenye skrini kando ya picha ya karatasi yako iliyopigwa ikiwa imenyooka.

Usianze na uso wa mtu. Mwigaji alimalizia nguvu zake usoni, kwa hiyo hapo ndipo atakapokushinda. Anza na ajali: mkwaruzo uliopita kwenye anga tupu, doa pale tindikali ilipopenya tabaka bila kutakiwa, mstari wa kivuli uliovuka mpaka wake, kona ya bamba iliyokatwa vibaya. Chagua mahali kumi pa namna hiyo kwenye nakala ya makumbusho, kisha upatafute kwenye yako. Mwigaji huiga mchoro, na ajali humwonekea kama uchafu tu. Ajali zote zikikutana mahali pake, kwa ukubwa na kwa pembe ile ile, karatasi yako imetoka kwenye bamba hilo au kwenye bamba lililotengenezwa kwa kamera, na la kamera umeshalishughulikia hatua ya pili. Kwenye maeneo ya vivuli, hesabu mistari. Mwigaji wa mkono akikuta mistari 23 iliyobanana, hachori 23, anachora "mingi".

Kipimo cha bamba kina utata wake. Karatasi ilichapwa ikiwa mbichi, ikasinyaa ilipokauka, tena haisinyai sawa kwa urefu na kwa upana. Tofauti ya milimita 1 au 2 isikutie hofu. Milimita 6 ni habari nyingine.

Mwelekeo nao una hila yake. Mwigaji mvivu huchora kama anavyoona, na chapa yake ikatoka imegeuka. Huyo unamkamata mara moja. Lakini usilichukulie kama sheria ya kumhukumu msanii mwenyewe. Mwaka 1650 Rembrandt alichora kombe la konokono wa baharini wa jamii ya Conus, aina inayotoka bahari ya Hindi na Pasifiki (B.159). Alilichora shabani kama alivyoliona mezani, kwa hiyo kwenye chapa mzunguko wake unakwenda upande usiokuwapo kwenye konokono wa kweli. Jina lake chini, hata hivyo, alikumbuka kuliandika kinyume shabani ili lisomeke sawa.

Hatua ya tano: lini?

Mabamba hayakufa na mwenyewe. Rembrandt alifilisika mwaka 1656 na kufariki 1669, lakini orodha ya mali ya mfanyabiashara wa chapa Clement de Jonghe ya 1679 ina mabamba yake 74. Mengi yalipita mikononi mwa Pieter de Haan wa Amsterdam, kisha Claude-Henri Watelet wa Paris, na baada ya kifo cha Watelet mwaka 1786 yakanunuliwa na Pierre-François Basan, aliyeyachapa na kuyauza kama mkusanyo. Yaliendelea kuchapwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, na zaidi ya 70 yalikuwa bado pamoja yalipouzwa London mwaka 1993.

Maana yake kwako ni kwamba karatasi inaweza kuwa imetoka kwenye bamba la Rembrandt bila ubishi wowote, na bado ikawa imechapwa miaka 130 baada ya kifo chake. Wamiliki wa baadaye pia waliyatengeneza mabamba yaliyochakaa. Mfano unaokumbukwa zaidi ni echingi iitwayo ya Gulda Mia, gulda ikiwa fedha ya zamani ya Uholanzi (B.74), iliyokamilika 1648 hivi. Kapteni William Baillie alilinunua bamba lake mwaka 1775, akachimba upya mistari iliyokwisha, akachapa nakala zake, kisha akalikata bamba vipande vinne na kuchapa vipande hivyo peke yake. Nakala ya Baillie ni ya Rembrandt? Bamba ndiyo. Mistari mingi unayoiona juu yake, hapana.

Kupata awamu, soma maelezo ya katalogi na utafute badiliko linalotajwa. Kwa kawaida ni dogo, kivuli kilichoongezwa begani au ukingo uliopigwa msasa. Kisha angalia uchakavu. Weusi wa sindano kavu upo bado? Mistari myembamba ya mbali imekatika? Nyakati nyingine utashangaa nakala mbili za awamu moja zinavyotofautiana, moja nyeusi kama usiku na nyingine nyeupe. Miaka ya 1650 Rembrandt aliacha wino juu ya bamba makusudi, na nakala za echingi yake ya maziko ya Yesu (B.86) ndizo za kutazama kwa hilo. Giza la wino halina uzito kwenye suala la tarehe.

Hatua ya sita: mkono wa nani?

Sasa tumefika kwenye ubishi wenyewe. Tuseme umeshathibitisha bamba na kipindi, na bado katalogi moja inasema Rembrandt, nyingine inasema mwanafunzi. Ushahidi wa hapa una ngazi, na mtindo umekaa ngazi ya chini kabisa, ingawa ndio unaopigiwa kelele.

Anza na maandishi yaliyochongwa kwenye bamba. Kilatini chake ni chepesi: *fecit* au *f.* ni aliyetengeneza, *inventor* ni aliyebuni, *excudit* au *excudebat* ni mchapishaji. Jan van Vliet wa Leiden alichora echingi kadhaa kutokana na picha za Rembrandt, na alizitia majina yote mawili waziwazi: Rembrandt *inventor*, Vliet *fecit*. Anayekuuzia moja kwa kusoma jina la kwanza tu ama hajui ama hataki ujue. Umbo la saini nalo lina umri: herufi RHL zilizounganishwa ni za miaka ya Leiden na mwanzo wa Amsterdam, "Rembrant" bila d ni ya 1632 na 1633 hivi, kisha "Rembrandt" ikabaki hivyo. Angalia pia saini imeingia awamu gani. Iliyokuwapo tangu awamu ya kwanza ina uzito. Iliyozuka awamu ya tatu huenda iliwekwa na muuzaji.

Kuna bamba ambalo saini yake inajibu swali kwa namna isiyotarajiwa. Mwaka 1635 Rembrandt alinakili vichwa vya watu wa Mashariki vilivyochorwa na rafiki yake wa Leiden, Jan Lievens, na kwenye baadhi akaandika kwa Kiholanzi kwamba amevigusa upya: *geretuckeert*. Hakudai kuvibuni, wala hakujificha. Ukilazimisha kazi kama hizo ziingie kwenye kisanduku cha "yake" au "si yake", utakuwa unabishana na mwenyewe aliyeziandika.

Lipo na bamba lililobadili mikono kabisa. Hercules Segers, mchora echingi aliyemtangulia Rembrandt, alitengeneza mandhari kubwa yenye Tobia na malaika. Rembrandt alilipata bamba hilo, na mwaka 1653 hivi akawafuta Tobia na malaika upande wa kulia, akawachora Yosefu, Mariamu na mtoto wakikimbilia Misri (B.56). Mandhari yaliyobaki akayaacha karibu yalivyo. Tazama nakala yoyote nzuri kwa lenzi, juu ya msafara, ndani ya majani ya miti: ubawa wa malaika bado unaonekana, haukufutika wote. Hapo hakuna haja ya kubishana kuhusu mtindo, kwa sababu shaba yenyewe inaonyesha nani alitangulia na nani alifuata.

Kazi kubwa za miaka ya 1630 ndizo zinazohitaji subira. Chukua ile kubwa ya Yesu mbele ya Pilato (B.77), ya 1635 na 1636. National Gallery ya London inayo picha ya rangi ya mafuta ya kahawia ya 1634, kazi ya Rembrandt, ambayo mistari yake mikuu imekandamizwa kwa ncha ili kuihamishia shabani. Na kwenye awamu ya kwanza ya echingi, pande zote zimejaa, umati, majengo, mapazia, lakini kundi la katikati lenye Pilato na makuhani ni jeupe tupu. Hali hiyo inaeleweka vizuri ukifikiri kwamba msaidizi, na van Vliet ndiye anayetajwa zaidi, alijaza pembeni kwa kufuata picha ya bwana, kisha bwana akamaliza katikati mwenyewe. Haden aliona mistari iliyopoa akasema si ya Rembrandt. Aliona vizuri. Alichokosea, kwa maoni yangu, ni kudhani jibu lazima liwe mtu mmoja kwa bamba zima. Gawanya bamba vipande: nani alibuni, nani alihamisha, nani alijaza, nani alirekebisha awamu za mwisho. Mabishano mengi ya miaka mia na zaidi huyeyuka yakigawanywa hivyo.

Ngazi nyingine za ushahidi ni michoro ya maandalizi ya mkono wa msanii, kumbukumbu za zamani kama hiyo orodha ya De Jonghe, na karatasi za nakala za mwanzo. Hili la mwisho linasahaulika. Ukikuta nakala za mwanzo kabisa za bamba lenye ubishi zina alama za maji zile zile zilizo kwenye echingi zisizo na ubishi za mwaka huo huo, angalau unajua bamba lilichapwa kwenye karakana ile. Hujathibitisha mkono, lakini umepunguza watu wa kushukiwa.

Sasa mtindo. Mwigaji huchora polepole, na mstari wake hauna kasi. Unaanza na kuisha kwa unene ule ule, vivuli vyake ni vya fundi mwashi. Rembrandt aliyekomaa hukatisha mstari pale mwanga unapopiga, na huacha makosa yake yaonekane. Ila usiseme "hii ni mbaya mno kuwa yake". Echingi ya kutahiriwa kwa Yesu yenye jina la mchapishaji Berendrecht wa Haarlem ilikataliwa na wengi kwa sababu hiyo: watu wake wamekakamaa, mistari haina hakika. Leo inakubalika kwa upana kuwa miongoni mwa majaribio yake ya kwanza kabisa, alipokuwa kijana wa miaka ishirini hivi, anajifunza tindikali inauma namna gani. Msanii naye aliwahi kuwa mwanafunzi, na kazi ya mwanafunzi wake na kazi yake ya utotoni zinaweza kufanana kwa udhaifu.

Hatua ya saba: nyuma ya karatasi

Mihuri midogo nyuma ni ya wakusanyaji. Mkusanyaji Mholanzi Frits Lugt aliichapisha kwenye kitabu cha 1921 na nyongeza ya 1956, na Fondation Custodia ya Paris imeiweka yote mtandaoni, unatafuta kwa herufi au umbo. Mfanyabiashara wa chapa Pierre Mariette wa Paris alikuwa akisaini kwa wino na kuandika mwaka, na saini ya namna hiyo ya karne ya 17 inafunga mjadala wa tarehe papo hapo, ikiwa ni ya kweli. Mihuri nayo hughushiwa, kwa sababu ni rahisi. Tazama kama wino wake umeingia kwenye mpasuko wa karatasi: muhuri uliopigwa kabla ya karatasi kuchanika hauvuji ndani ya mchaniko.

Hatua ya nane: andika, kisha uliza

Usiende kwa mtaalamu na swali la "ni ya kweli?" Nenda na faili. Weka picha ya mbele na nyuma, picha ya mwanga wa ubavuni, picha ya karatasi ikiwa dirishani, vipimo vya bamba na vya karatasi kwa milimita, namba ya Bartsch na ya New Hollstein, awamu unayodhani, na zile ajali kumi zikiwa zimezungushiwa duara. Ukienda hivyo unajibiwa. Ukituma picha moja ya simu yenye mwako wa kioo, utapuuzwa, na kwa haki.

Majumba ya makumbusho kwa kawaida hayakadirii bei, ila mengi yana chumba cha kusomea ambamo unaweza kuomba kuona nakala yao ana kwa ana. Rijksmuseum, British Museum na Kupferstichkabinett ya Berlin zinavyo. Nyumba ya mnada huitazama bure, lakini kumbuka inaitazama kama bidhaa. Ukimlipa mtu kwa maoni yake, malipo yawe ya kazi, yasiwe asilimia ya thamani. Na usimtafute mtu wa Rembrandt Research Project. Mradi huo, ulioanza 1968, ulishughulikia picha za rangi, si echingi.

Jibu likija, lisome kwa uangalifu wa mwanasheria. Kwenye katalogi za mnada, jina tupu la msanii ndilo dai kamili. "Inadhaniwa kuwa ya" ni imani yenye shaka. "Ya karakana ya" ni kazi iliyotoka nyumbani mwake kwa mkono wa mwingine. "Ya mfuasi wa" na "kwa mtindo wa" zinaweza kuwa za miaka mingi baadaye, na "kwa kufuata" ni nakala tu. Chini ya jina kamili, tafuta tena kama imetajwa kuwa ya enzi za uhai wake au ya baadaye. Wasipotaja, uliza kwa maandishi.

Ukimaliza, ihifadhi kwenye bahasha ya karatasi isiyo na asidi, mbali na jua na unyevu, na uandike matokeo kwa penseli kwenye bahasha, kamwe si kwenye chapa: bamba la nani, awamu gani, imechapwa kipindi gani, imelinganishwa na nakala ipi ya makumbusho gani, na tarehe ya siku hiyo. Pale ambapo ubishi haujaisha, andika majina yote mawili na sababu ya kila moja. Katalogi nyingine itakuja.